Hori ya Herufi: Jinsi ya Kujenga Maandishi katika Lugha ya C, kwa Mifano kutoka Isiolo

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo moja dogo katika utunzi wa programu za kompyuta, nalo ni namna ya kuongeza herufi mwishoni mwa maandishi ambayo bado yanajengwa. Jambo hili hufundishwa katika idara za sayansi ya kompyuta, na aghalabu hufundishwa kwa mifano ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake mengi ni mafupi na herufi zake za kawaida hutoshea katika baiti moja moja. Wanaisimu wanaoshughulikia lugha za Kiafrika wana sababu ya pekee ya kulijua. Maneno ya lugha nyingi tunazozichunguza hujengwa kwa mofimu zinazofuatana, moja baada ya nyingine, na programu iliyoandikwa bila ya kulizingatia jambo hili huweza kuyakata maneno hayo au kuyaharibu pasipo kumwarifu mtu yeyote.

Mifano yetu tutaichukua Isiolo. Mji huu ulioko kaskazini ya Mlima Kenya una neema yake kwa mwanaisimu, kwani katika soko moja la mifugo husikika Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturkana na Kimeru, na Kiswahili kikiwa daraja baina yao. Hizo ni lugha za Kikushi, za Kiniloti na za Kibantu zikikutana mahali pamoja. Tumfikirie basi mtafiti anayekusanya huko msamiati wa maji na mifugo, akauingiza katika kompyuta. Kwa maji peke yake ataandika bishaan kwa Kiborana, biyo kwa Kisomali na ŋakipi kwa Kiturkana. Kisima kwa Kiborana ni eela na kwa Kisomali ni ceel. Ufanano wa maneno hayo mawili huonekana kwa macho, maadamu yamehifadhiwa kamili. Programu itakayoangusha herufi moja mwanzoni au mwishoni imeharibu ushahidi wenyewe ambao mtafiti alisafiri kuutafuta.

Juu ya istilahi

Kabla ya kuendelea yafaa tupatane juu ya maneno. Kiingereza kimeupa mfuatano wa herufi katika kompyuta jina la uzi. Mtu angeweza kusema kwamba Kiswahili kina neno bora zaidi, yaani tungo, kwa kuwa kwetu kutunga shanga na kutunga maneno ni kitenzi kimoja, na anayewatazama wanawake wa Kisamburu wakitunga shanga hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa bahati mbaya neno tungo limekwisha kuchukuliwa na wataalamu wa sintaksia, nao hawataliachia. Katika makala haya tutasema mlolongo wa herufi, au mlolongo tu.

Istilahi ya pili ni bafa. Hii ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta iliyotengwa ili kupokea kitu kidogo kidogo kabla hakijatumiwa. Neno lenyewe limeingia katika vinywa vya watunzi wa programu, na hatuna ugomvi nalo. Hata hivyo tunapendekeza liwe na mwenzake wa Kiswahili, nalo ni hori. Watu wa pwani huenda wakafikiria kwanza hori ya maji ya bahari au chombo kidogo cha kuvukia. Hapa tunakusudia hori ya mifugo. Wakati wa kiangazi wafugaji wa nchi kavu ya kaskazini huchimba visima katika mchanga wa makorongo ya msimu, ambayo huitwa laga, wakateka maji ndoo kwa ndoo na kuyamimina katika hori, na mifugo ikanywa humo. Mtekaji huleta kidogo kidogo, mnywaji hunywa kwa mkupuo, na hori husimama kati yao ili mmoja asimkawize mwingine. Bafa ya kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo, na mwanafunzi aliyeiona hori ya kisimani hatasahau maana yake.

Mlolongo usioujua urefu wake

Lugha ya C iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, na umbo lake la msingi lilipatikana mwaka 1972. Katika lugha hii mlolongo wa herufi ni safu ya baiti katika kumbukumbu, na mwisho wake huonyeshwa kwa baiti moja yenye thamani ya sifuri. Hakuna mahali palipoandikwa urefu wa mlolongo. Atakaye kuujua hana budi kuanza baiti ya kwanza na kwenda mbele hadi akutane na sifuri.

Uamuzi huu ulikuwa na sababu zake. BCPL, lugha iliyotangulia, iliweka hesabu ya herufi mwanzoni mwa mlolongo, na hesabu hiyo ilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo mlolongo haukuweza kupita urefu fulani. Ritchie mwenyewe alieleza baadaye kwamba kuiacha hesabu kulikusudiwa kuondoa kikomo hicho, na pia kwamba kwa uzoefu wake kuitunza hesabu kulionekana kuwa na usumbufu zaidi kuliko kuweka alama ya mwisho. Kikomo kiliondoka kweli. Gharama yake ikahamia mahali pengine, nasi ndio tunaoilipa.

Amri ya kawaida ya kuunganisha milolongo miwili katika C huitwa strcat. Kazi yake ni kuutembea mlolongo wa kwanza hadi mwisho, kisha kuunakili wa pili pale. Mfano wake ni msafara wa ngamia waliofungwa mmoja nyuma ya mwingine. Mtu ameletewa ngamia mpya wa kufungwa mkiani, naye hakumbuki mkia uko wapi, basi huanza kwa ngamia wa kwanza na kutembea hadi wa mwisho. Akiletewa mwingine, hurudi tena mbele na kuanza upya. Ngamia watatu si kitu. Ngamia mia tatu ni siku nzima ya kutembea, na sehemu kubwa ya mwendo huo ni kupita mahali alipokwisha kupita.

Tuhesabu. Chukua maneno 10,000, kila moja likiwa na baiti 7 pamoja na nafasi ya kutenganisha, uyaunganishe yote kuwa mlolongo mmoja kwa strcat. Maandishi yenyewe ni baiti 70,000 tu. Baiti zinazopitwa katika kuutafuta mwisho ni 349,965,000. Ni haki kukiri kwamba kompyuta ya siku hizi huzimaliza hizo kwa muda mfupi mno, na mtumiaji hataona lolote. Lakini kazi hii hukua kwa mraba: maneno yakiongezeka mara mbili, mwendo huongezeka mara nne. Kwa maneno 1,000,000, ambayo si mengi kwa mkusanyo wa matini, baiti za kupitwa hukaribia trilioni 3.5, na hapo mtafiti ataanza kudhani kwamba mashine yake imekufa.

Lugha kama Kiswahili huufikia ukubwa huo upesi. Mzizi mmoja wa kitenzi, ukipewa viambishi 6 vya nafsi, njeo 4, na viambishi 6 vya mtendwa pamoja na hali ya kutokuwa na mtendwa, hutoa maumbo 168. Ukiongeza minyambuliko 5 yanakuwa 840, kabla hatujagusa ukanushi wala ngeli nyingine. Kwa vitenzi 2,000 tunapata maumbo 1,680,000, ingawa baadhi yake, kama vile nafsi ya kwanza kujitenda yenyewe pasipo kirejeshi ji, hayatumiki. Ni kwa sababu kama hizi kwamba Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoanza kushughulikia uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta mwaka 1985, alitumia mtindo wa mofolojia ya ngazi mbili uliotolewa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, ambao hauhitaji kuorodhesha kila umbo. Koskenniemi alikuwa akishughulika na Kifini, lugha nyingine yenye maneno ya kuambatisha.

Neno la herufi kumi na sita

Ubaya wa strcat hauishii katika uvivu wake. Amri hii haiulizi kama pana nafasi. Mtunzi wa programu hutenga baiti kadhaa kwa kukisia, na mara nyingi hukisia kwa kuyatazama maneno ya lugha anayoijua. Baiti 16 huonekana kuwa tele kwa neno moja.

Tutazame neno la Kiswahili ambalo mfugaji yeyote aweza kulitamka kisimani: hatutawanyweshea. Mofimu zake ni ha-tu-ta-wa-nyw-esh-e-a. Hakuna cha ajabu ndani yake. Mna ukanushi, nafsi, njeo, mtendwa, mzizi, kauli ya kutendesha, kauli ya kutendea na kiishio. Herufi zake ni 16 kamili. Katika bafa ya baiti 16 herufi zote zitaingia, na baiti ya sifuri, ambayo ni ya kumi na saba, itaandikwa nje ya bafa, juu ya kitu cha mwingine. Pengine kitu hicho hakina maana na programu itaendelea. Pengine ni herufi ya kwanza ya neno la pili, na neno hilo litaonekana tupu.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika tarehe 2 Novemba 1988, programu ya Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilipoenea katika kompyuta nyingi zilizounganishwa huko Marekani. Mojawapo ya njia zake za kuingilia ilikuwa bafa ya baiti 512 iliyojazwa na amri ya gets, ambayo haikuwa na njia ya kujua ukubwa wa bafa inayoijaza. Amri ya gets iliondolewa katika kanuni rasmi za C mwaka 2011. Strcat ingalipo.

Wengine huona dawa ni kukata. Amri ya strncpy hunakili idadi iliyowekwa ya baiti na kuacha zinazobaki, na neno likitimiza idadi hiyo kamili au kuipita, amri hiyo haiweki hata sifuri ya mwisho. Ukataji wa kimya kwa maoni yetu ni mbaya kuliko programu kuanguka, kwa sababu programu iliyoanguka huonekana. Orodha ya maneno iliyokatwa huchapishwa. Na si maneno ya kamusi tu: katika sehemu za kaskazini mwa Kenya, ambako kwa miaka mingi waombaji wa vitambulisho walipitishwa katika mahojiano ya ziada, jina la mtu lililopungua herufi moja kati ya karatasi na karatasi si jambo la kuchekea.

Hori inayojijua

Dawa ya kweli ni kuuandika urefu, pamoja na ukubwa wa nafasi iliyopo, na kuitanua nafasi inapokaribia kujaa. Tunaunda kitu chenye sehemu tatu:

struct hori {
    char *maandishi;
    size_t urefu;
    size_t nafasi;
};

Wasomaji wataona kwamba majina ni ya Kiswahili. Kanuni za C za mwaka 1989 zilitenga maneno 32 tu kuwa mali ya lugha yenyewe; majina mengine humhusu mtunzi, na kompaila haijali ni ya lugha gani. Kuna kizuizi kimoja ambacho mfugaji atakilalamikia. Kibainishi cha ung'ong'o hakiruhusiwi katika jina, kwa kuwa C hukisoma kama mwanzo wa herufi iliyonukuliwa, kwa hiyo mtu aweza kuhesabu mbuzi, kondoo na ngamia kwa majina yao, lakini hawezi kuwa na hesabu iitwayo ng'ombe.

Amri ya kuongeza kipande chenye baiti n ni hii:

int ongeza(struct hori *h, const char *kipande, size_t n)
{
    if (n >= SIZE_MAX - h->urefu) return 0;
    size_t haja = h->urefu + n + 1;
    if (haja > h->nafasi) {
        size_t mpya = h->nafasi ? h->nafasi : 16;
        while (mpya < haja) {
            if (mpya > SIZE_MAX / 2) return 0;
            mpya *= 2;
        }
        char *mahali = realloc(h->maandishi, mpya);
        if (mahali == NULL) return 0;
        h->maandishi = mahali;
        h->nafasi = mpya;
    }
    memcpy(h->maandishi + h->urefu, kipande, n);
    h->urefu += n;
    h->maandishi[h->urefu] = '\0';
    return 1;
}

Hori huanza ikiwa tupu, sehemu zake zote tatu zikiwa sifuri. Kila kipande kikija, tunauliza kwanza kama kinatosha pamoja na baiti ya mwisho. Kisipotosha tunaomba nafasi kubwa zaidi kwa amri ya realloc. Kisha tunanakili kipande moja kwa moja pale urefu unapotuelekeza. Hakuna kutembea. Jibu la realloc limewekwa kwanza katika mahali, wala si moja kwa moja katika h->maandishi, kwa sababu kompyuta ikikosa nafasi realloc hurudisha utupu na kuyaacha maandishi ya zamani yalivyo. Anayeandika jibu juu ya kielekezi cha zamani amepoteza njia ya kuyafikia maandishi aliyokuwa nayo.

Yatupasa tueleze kwa nini nafasi huongezwa kwa kuzidisha mara mbili na si kwa kujumlisha kiasi kile kile kila mara. Kila utanuzi huweza kulazimisha maandishi yote yanakiliwe mahali papya. Turudi kwenye maneno yetu 10,000. Tukianza na baiti 16 na kuongeza 16 kila inapojaa, hori itatanuliwa mara 4,375, na baiti zitakazonakiliwa katika utanuzi huo huweza kupita milioni 153. Tumetoka kwa strcat tukaingia katika ugonjwa wa namna ile ile. Tukizidisha mara mbili, hori itatanuliwa mara 13 tu, kutoka baiti 16 hadi 131,072, na jumla ya baiti za kunakiliwa haiwezi kupita 131,056. Kwa kila baiti iliyoandikwa, gharama ya kutanua haifiki baiti mbili, na inabaki hivyo hata maneno yakiwa milioni.

Malipo yake ni nafasi isiyotumika, ambayo huweza kukaribia nusu ya hori. Wako wanaopendelea kuongeza nusu badala ya mara mbili. Programu ya Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ina hori yake iitwayo strbuf inayokua kwa kadiri hiyo. Hoja yetu haitegemei kiwango gani kimechaguliwa, mradi kiwe ni kuzidisha. Maandishi yakikamilika, realloc yaweza kutumika kuirudisha nafasi iliyobaki.

Kunyambua kutoka mwishoni

Faida ambayo vitabu vya kompyuta havina haja ya kuitaja, nasi tunayo, ni hii. Mnyambuliko wa Kiswahili hutazama nyuma. Ili kuijenga kauli ya kutendea, programu hutoa kiishio, hutazama irabu ya mzizi, kisha huchagua i au e: pika huwa pikia, soma huwa somea. Katika hori inayojua urefu wake, kutoa kiishio ni kupunguza urefu kwa moja na kuandika sifuri pale. Kutazama irabu ya mwisho ni kurudi nyuma hatua chache. Katika mlolongo wa kawaida wa C kila moja ya hatua hizi huanza na safari kutoka mwanzo.

Kwa upande wa viambishi awali mambo hayaendi vizuri hivyo. Kuongeza mwishoni ni rahisi. Kuongeza mwanzoni hulazimisha herufi zote zilizopo zisukumwe mbele. Anayeijenga tutawanyweshea kisha akakumbuka ukanushi, ameongeza gharama bila ya sababu. Na wala isingemfaa, kwa kuwa ukanushi wa Kiswahili si kubandika ha mbele ya kila neno: nitanywa hukanushwa kuwa sitanywa, na utanywa kuwa hutanywa. Sarufi yenyewe inataka uamuzi wa ukanushi na nafsi ufanywe kwa pamoja, kabla herufi ya kwanza haijaandikwa. Hapa, kwa mara moja, mahitaji ya mashine na ya mofolojia yanaafikiana.

Kuhama kwa maandishi, na tatizo la uradidi

Realloc inapotanua nafasi, huenda ikayaacha maandishi pale pale, na huenda ikayahamisha. Mtunzi hajui ni lipi litakalotokea. Kila kielekezi kilichokuwa kikionyesha ndani ya hori ya zamani sasa huonyesha mahali pasipo na mwenyewe. Ni sawa na mgeni anayeifuata boma ya mfugaji mahali alipoiona mwaka jana: atakuta majivu, au atakuta watu wengine.

Tatizo hili humpata hasa mwanaisimu, kwa sababu ya uradidi. Ili kupata pigapiga kutoka piga, wazo linalomjia mtu upesi ni kuiongeza hori juu ya yenyewe, yaani kuandika ongeza(&h, h.maandishi, h.urefu). Ajaribu kwa piga, itafanya kazi. Ajaribu kwa tembea, tembeatembea ina herufi 12, pamoja na sifuri ni 13, inatosha katika baiti 16, nayo itafanya kazi. Ajaribu kwa changanya: herufi 9 zikirudiwa ni 18, pamoja na sifuri 19, hori hutanuliwa hadi 32, na maandishi yakihama, kipande bado kinaonyesha mahali pa zamani. Memcpy itanakili kutoka huko chochote itakachokikuta. Mashina yote yenye herufi 8 au zaidi yamo hatarini, na mashina mafupi yote yatapita katika majaribio bila ya doa. Mbaya zaidi, siku realloc isipohamisha, hata changanyachanganya itatoka salama, na mtafiti atadhani kosa alilolishuku halipo.

Utatuzi wake ni kutoshika anwani. Programu ishike umbali kutoka mwanzo wa hori, yaani hesabu, itanue nafasi kwanza, kisha ikokotoe upya mahali pa kunakili kutoka. Kwa hiyo amri ya kutanua yafaa itengwe na amri ya kuongeza, ili uradidi uwe na amri yake yenyewe. Programu za maneno ya Kiingereza zaweza kuishi miaka mingi bila ya kukutana na jambo hili. Za Kiswahili zitakutana nalo katika juma la kwanza.

Herufi na baiti

Mpaka hapa tumesema kana kwamba herufi moja ni baiti moja. Kwa maandishi ya kawaida ya Kiswahili ni kweli. Kwa msamiati wa Isiolo si kweli. Mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huzipa herufi za Kilatini zisizo na alama baiti moja, na nyingine mbili, tatu au nne. Neno ŋakipi lina herufi 6 na baiti 7, kwa sababu ŋ huchukua mbili. Irabu za Kimeru zenye alama juu yake huchukua mbili mbili. Neno la Kiswahili lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama sehemu kubwa ya hazina yetu ya tenzi ilivyoandikwa, hutumia baiti mbili kwa kila herufi ya msingi: سلام ni herufi 4 na baiti 8.

Sehemu ya urefu katika hori yetu huhesabu baiti, na ni lazima ibaki hivyo. Hesabu ya herufi itunzwe mbali, kama inahitajiwa. Hatari huja pale programu inapopunguza urefu kwa moja ikidhani inaondoa herufi: ikiifanyia ŋ hivyo, itaacha nusu ya herufi, ambayo si herufi yoyote. Kwa bahati njema waliobuni UTF-8 walilifikiria jambo hili. Kila baiti inayoendeleza herufi huanza na biti 1 na 0, na hakuna baiti ya kwanza ya herufi inayoanza hivyo. Anayerudi nyuma kutoka mwishoni na aendelee kurudi maadamu anakutana na baiti za namna hiyo. Atakapokutana na nyingine, hapo ndipo herufi inapoanza.

Liko jambo ambalo hori haiwezi kulitatua, nalo linaonekana katika jina la mto unaopita katika wilaya hiyo, ambayo tangu mwaka 2013 ina serikali yake ya kaunti: Ewaso Ng'iro. Kibainishi cha ung'ong'o chaweza kuandikwa kwa alama iliyonyooka, ambayo ni baiti moja, au kwa alama iliyopinda ambayo programu za uchapaji huiweka zenyewe, nayo ni baiti tatu. Kwa hiyo Ng'iro ina baiti 6 katika daftari moja na 8 katika jingine. Machoni mwa msomaji ni jina moja. Kwa kompyuta ni milolongo miwili tofauti, na mtafiti atakayelitafuta kwa umbo moja atapata sehemu tu ya alichokikusanya. Irabu zenye alama zina matata kama hayo, kwani ũ huweza kuhifadhiwa kama herufi moja ya baiti mbili, au kama u ya kawaida ikifuatwa na alama peke yake, jumla baiti tatu.

Mahali panapofaa kulimaliza suala hili ni katika amri ya ongeza yenyewe, au katika amri ndogo inayoitangulia: kila kipande kigeuzwe kuwa umbo moja lililochaguliwa kabla ya kuingia katika hori. Kwa maandishi ya Isiolo twapendelea alama iliyonyooka kwa ng', na herufi iliyokwisha kuunganishwa na alama yake kwa ũ na wenzake. Sababu ya kwanza ni kwamba ndiyo inayopatikana katika kila kibodi. Ya pili ni kwamba mwisho wa neno ukirudiwa nyuma, irabu hutoka pamoja na alama yake, wala haiachwi uchi.